Maji Kwenye Baiskeli ya Kizamani: Mkono Kwanza, Lita Baadaye

Baiskeli nyingi za leo zina viboliti viwili kwenye bomba la chini la fremu, lile linaloshuka kutoka usukanini hadi kwenye pedeli, vimeachana milimita 64 hivi, na mara nyingi vingine viwili kwenye bomba la kiti, lile linalobeba kiti. Unavifungua, unaweka kishikio cha chupa, unakaza, umemaliza. Baiskeli mbili ninazoendesha mimi hazina kitu hicho. Moja ni ile ya kukaa wima, nzito, yenye breki za vyuma badala ya waya, madigadi ya bati na kava lililofunika cheni yote. Nyingine ni ya mashindano ya zamani: nyembamba, usukani umejikunja kwenda chini, vijiti vya kubadilishia gia vimefungwa kwenye bomba la chini. Fremu zote mbili hazina hata tundu moja la kufungia kitu.

Nimekaa nazo muda wa kutosha kujaribu karibu kila namna ya kubebea maji ambayo mtu anaweza kuifikiria, pamoja na nyingine ambazo ni afadhali asizifikirie. Jambo nililolishika ni kwamba maji ambayo mkono hauyafikii ukiwa unaendesha, huyanywi. Unayabeba tu. Si ajabu mtu kufika mwisho wa safari kichwa kinamgonga, midomo imekauka, na kwenye begi la nyuma ana lita moja na nusu ambayo hata kizibo chake hakijafunguliwa. Kwenye jua kali mwendeshaji anaweza kutoa jasho zaidi ya lita moja kwa saa, na kiu ikishakubana ndipo unapoona uvivu wa kusimama, kushuka, kufungua begi, kufunga begi na kuanza upya. Unajiambia nitakunywa pale mbele. Pale mbele nako unasema hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akiniuliza baiskeli yake ya zamani inaweza kubeba lita ngapi, mimi namuuliza kwanza mkono wake unafika wapi.

Fremu hizo hazikukosa matundu kwa uzembe wa mafundi. Mabomba mazuri ya baiskeli za mbio ni membamba kuliko yanavyoonekana. Reynolds 531 ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1935, na Columbus SL ya Italia zilijengwa kwa ujanja mmoja: chuma kinene kidogo kwenye ncha, ambako bomba hukutana na mabomba mengine, na chembamba katikati, ambako kazi ni ndogo. Kwa Columbus SL ncha zina unene wa milimita 0.9 na katikati 0.6. Fundi aliyetumia siku nzima kuunganisha mabomba hayo hakuwa na hamu ya kutoboa chuma cha milimita 0.6 ili tu chupa ipate pa kukaa. Kishikio cha kufunga kwa klempu, yaani mkanda wa bati unaolizunguka bomba na kukazwa kwa boliti, kilitosha. Anayetaka aweke, asiyetaka aache. Matundu yalianza kuzoeleka kwenye bomba la chini katika miaka ya 1970, na miaka ya 1980 yakahamia na kwenye bomba la kiti. Ukikutana na baiskeli ya mbio yenye rangi yake ya awali na haina matundu, hilo peke yake linakudokezea umri wake.

Kabla ya hapo, chupa haikukaa kwenye fremu kabisa. Tour de France ya kwanza, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ya mwaka 1903, ilikuwa na hatua sita tu, lakini hatua ya kwanza, Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467, na waendeshaji waliianza alasiri wakakesha barabarani. Ukitazama picha za miongo iliyofuata unaona chupa za aluminiamu zenye vizibo vya koki, zimesimama mbili mbili mbele ya usukani, kifuani kwa mwendeshaji. Walijua walichokuwa wakifanya. Mtu anayepanda mlima kwa saa nzima hataki kuinama. Picha inayojulikana zaidi ya maji na baiskeli ni ile ya Tour ya mwaka 1952, Fausto Coppi na Gino Bartali, mabingwa wawili wa Italia waliokuwa mahasimu, wakipeana chupa mlimani. Waitalia wamebishana miaka na miaka ni nani aliyekuwa anampa mwenzake. Kinachonivutia mimi ni kwamba wanapeana huku wanakanyaga.

Basi kwenye ile ya mashindano nilianza na usukani, na huko ndiko nilikobaki kwa chupa ya kwanza.

Kishikio cha usukanini hufungwa kwa klempu kwenye ile sehemu iliyonyooka, karibu na shingo ya usukani, ambako usukani wa zamani huwa na kipenyo cha milimita 25.4 au 26 kutegemea nchi ulikotoka. Tofauti hiyo ya nusu milimita inaonekana si kitu hadi klempu ianze kuzunguka yenyewe barabarani na chupa ielekee tumboni kwako. Kipande cha tyubu kuukuu chini ya klempu kinamaliza ubishi. Tatizo kubwa zaidi ni waya za breki. Baiskeli za zamani waya hazijafichwa chini ya utepe wa usukani. Zinatoka juu ya vishikio vya breki, zinapinda hewani, ndipo zinashuka. Kishikio cha chupa lazima kiingie katikati ya hizo tao mbili bila kugusa upande wowote. Mimi hugeuza usukani hadi mwisho kulia, halafu hadi mwisho kushoto, chupa ikiwa ndani na imejaa, natazama kama waya inavutwa. Chupa tupu inadanganya.

Halafu kuna uzito. Chupa ya mililita 750 iliyojaa, ukijumlisha kishikio na klempu, inakaribia kilo moja, na kilo hiyo inazunguka pamoja na usukani. Ukiiweka mbele sana, gurudumu la mbele linakuwa zito kuanza kugeuka, na likishaanza linapitiliza. Kwenye mwendo wa polepole unajikuta unaandika nyoka barabarani. Ukiirudisha nyuma ya usukani, upande wako, inakaribia mhimili ambao usukani unazungukia na tabia hiyo inapungua sana. Ila sasa ukisimama kwenye pedeli kupanda mlima, goti linaipiga. Nilichoona kinafaa ni kuileta karibu na shingo ya usukani kadiri waya zinavyoruhusu, mbele lakini imebana, na kutumia chupa ya nusu lita badala ya kubwa. Mkono unaishika bila jicho kutoka barabarani. Hapo ninakunywa kila baada ya muda mfupi, mafunda mawili matatu, bila kufikiri, na mwili unapenda maji yaje hivyo kuliko kuugharikisha mara moja.

Chupa ya pili ya baiskeli hiyo inakaa kwenye bomba la chini, kwa klempu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye klempu ndiko fremu nyingi za zamani zinakoumizwa, na zinaumizwa na watu wanaozipenda.

Bomba la chini la fremu nyingi za zamani lina kipenyo cha milimita 28.6, na la juu 25.4. Za Kifaransa mara nyingi ni 28 na 26. Klempu inayouzwa leo yawezekana imetengenezwa kwa bomba nene zaidi, kwa hiyo inafunga hadi mwisho wa boliti na bado inacheza. Mtu anachukua spana, anakaza zaidi. Bado inacheza. Anakaza tena. Sasa bati la klempu limejikunja, kingo zake zinauma, na chini yake kuna chuma cha milimita 0.6. Bomba likibonyea kidogo hutaliona siku hiyo. Utaliona siku ukifungua klempu na kupitisha kidole.

Ninavyofanya ni hivi. Ninalipangusa bomba hadi likauke. Ninakata tyubu kuukuu kipande kipana kidogo kuliko mkanda wa klempu, ili mpira utokeze pande zote mbili, na kirefu cha kulizunguka bomba mara moja tu bila kupandana, kwa sababu pale mpira unapopandana ndipo klempu inapoegemea upande mmoja. Maungio ya mpira nayaelekeza chini. Klempu ikibaki kubwa naongeza duru ya pili ya mpira badala ya nguvu ya mkono. Ninavalisha mikanda yote miwili kwanza ikiwa imelegea, naweka kishikio, nanyoosha, halafu nakaza mmoja kidogo, wa pili kidogo, narudi kwa wa kwanza. Kipimo changu ni mkono: nashika kishikio na kukizungusha kama mtu anayefungua kizibo kigumu. Kisipozunguka, naacha hapo hapo, hata kama boliti bado ina nafasi. Mpira ukishabanwa siku moja mbili hukaa, unakuwa mwembamba, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza narudia kukaza kidogo. Baada ya hapo hausumbui.

Mikanda iwe miwili. Kishikio cha klempu moja kinazunguka tu, ufanye ufanyavyo, kwa sababu uzito wa chupa unavuta mbali na pale palipobanwa. Na kama fremu yako ni ya bomba lile jembamba la katikati, sogeza kila mkanda kuelekea ncha kadiri kishikio kinavyoruhusu, ambako chuma ni kinene. Kwenye baiskeli za mbio za zamani, ule mkanda wa juu unakutana na vijiti vya gia na waya zake zinazoshuka kuelekea chini ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli. Waya hizo zipite nje ya klempu, zisibanwe ndani, la sivyo gia zitaanza kuruka na fundi atahangaika na vitu visivyo na kosa.

Zile klempu za chuma za kubania mipira ya maji, zenye skrubu inayozunguka juu ya meno, nimezitumia na nitazitumia tena, ila si kwenye fremu nyembamba. Zina nguvu kuliko zinavyohitajika. Bisibisi inazungushwa kwa vidole viwili tu huku chuma kinasagika chini. Kwenye ile baiskeli yangu nzito, ambayo mabomba yake hayana ujanja wowote wa wembamba, hazina shida. Mkia unaobaki baada ya kukaza ni lazima ukatwe na usuguliwe kwa tupa, kisha kichwa cha skrubu kigeuzwe upande ambao paja halipiti. Mkia ule ukiachwa unakata suruali siku ya kwanza na ngozi siku ya pili.

Kebo tai, vile vikanda vya plastiki vya kufungia waya, ni za dharura. Zinashika vizuri asubuhi, jua likizipiga kwa miezi zinakauka, na zinakatika bila kukuaga. Nyeusi huvumilia jua kuliko nyeupe. Kishikio changu kimoja kiliwahi kuning'inia kwa tai moja kati ya tatu, chupa inabisha hodi kwenye krenki kila duru.

Kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote hivyo ni mkanda wa ngozi wa pedeli, ule wa zamani wa kufungia kiatu, wenye bizimu ya chuma inayobana yenyewe. Ukipitisha nyuma ya kishikio, ukausokota mara moja kati ya kishikio na bomba, ukazungusha na kuuvuta, haukwaruzi na hautelezi. Huo msokoto mmoja wa katikati ndio siri; bila huo kishikio kitatambaa taratibu kushuka. Mkanda wa pili naufunga shingoni mwa chupa ninapojua njia ina mawe. Kuutoa ni kuinua ulimi wa bizimu kwa kidole gumba, na kwa hilo sihitaji kusimama.

Mpira ulio chini ya klempu una ubaya mmoja: unatunza unyevu. Maji ya mvua, jasho na yale yanayodondoka kutoka kwenye chupa yanaingia, hayatoki, na chuma kinaanza kuota kutu pale ambapo huoni. Ukiwa unatia vinywaji vyenye chumvi na sukari, ni mbaya zaidi. Kila baada ya miezi michache, na mapema zaidi wakati wa mvua, nafungua kila kitu, nakausha, napaka nta kidogo ile ya rangi ya gari, narudisha. Kazi yenyewe ni ya muda wa kuchemka chai. Wengine hufunga utepe wa kitambaa badala ya mpira. Unapendeza machoni na unafanana na baiskeli, lakini unanyonya maji, nami siupendi.

Kuna wanaojali sana kishikio kiwe cha enzi ileile ya baiskeli, hasa wale wanaojiandaa kwa L'Eroica, safari ya baiskeli isiyo ya ushindani inayofanyika Toscana, Italia, tangu mwaka 1997 kwa baiskeli zilizotengenezwa kabla ya 1987. Siwalaumu, kishikio cha chuma kilichopakwa nikeli kwenye fremu ya rangi ya awali kinapendeza kweli. Lakini chupa za aluminiamu za zamani mimi sinywei. Ndani yake huwezi kuona vizuri, huwezi kusugua vizuri, na kinywaji chenye ndimu au chungwa kinaila aluminiamu iliyochakaa. Ziwekwe kwa ajili ya picha.

Chupa ya kunywea ni ya plastiki ya kawaida ya baiskeli, kipenyo kama milimita 74, ambayo karibu kila kishikio kimeundwa kuibana. Chupa nyembamba ya maji ya dukani inacheza ndani ya kishikio hicho na kugonga njia nzima, na kwenye shimo kubwa inatoka. Ukilazimika kuitumia, ivalishe pete mbili nene zilizokatwa kwenye tyubu, moja juu, moja chini. Itakaa kimya. Pia, chupa ya bomba la chini iko kwenye njia ya kila kinachorushwa na tairi ya mbele. Kwenye baiskeli isiyo na madigadi, usipofuta mdomo wa chupa unakunywa barabara, pamoja na kila mnyama aliyepita hapo kabla yako. Tafuta chupa yenye kifuniko juu ya mdomo.

Sasa ile baiskeli nzito. Watu hudhani ndiyo rahisi, kwa kuwa ina fremu kubwa na keria nyuma. Keria kweli inabeba chochote, lakini ukiweka maji pale mkono haufiki, na tumesharudi kule kule kwa chupa isiyofunguliwa. Usukani nao umejaa: vishikio vya breki za vyuma vinapita chini yake pande zote mbili, na fimbo ya breki ya mbele inashuka wima mbele ya shingo. Hakuna pa kuweka klempu bila kubana kitu kinachotakiwa kutembea. Kwenye bomba la chini kuna fimbo ya breki ya nyuma, imelala sambamba na bomba, imeachana nalo kwa nafasi ya kidole au pungufu. Mtu asiyejua atafunga mkanda juu ya vyote viwili, bomba na fimbo, kwa sababu vinaonekana kama kitu kimoja. Akiondoka hana breki ya nyuma. Ukiamua kufunga hapo, mkanda upite kati ya fimbo na bomba, na kabla hujapanda ukamate breki mara kadhaa huku macho yako yakiwa kwenye fimbo. Inatakiwa iteleze bila kugusa mpira wala bati.

Mimi niliachana na bomba hilo nikaenda kwenye bomba la kiti, upande wa mbele, ndani ya pembetatu ya fremu. Baiskeli hizi hazina mtambo wa gia unaofungwa pale, bomba ni imara, na fremu ni ndefu kiasi kwamba chupa inaingia na kutoka bila kugonga bomba la juu. Kwa kuwa unakaa wima, mkono unashuka tu kati ya mapaja na kukutana nayo. Ina nafasi nzuri kuliko hata baiskeli nyingi za sasa. Kwenye fremu fupi hali ni nyingine: pima kwanza, chupa ikiwa mkononi, kama inaweza kuchomolewa kwa mshazari. Wengine wana vishikilia pampu pale pale, na kati ya pampu na maji kila mtu atajua anachokiogopa zaidi.

Njia nyingine iliyonifaa kwenye usukani huo uliojaa ni kifuko cha kitambaa kigumu, cha mviringo, kinachoning'inia kwenye kona kati ya usukani na shingo yake. Kinafungwa kwa mikanda mitatu: mmoja usukanini, mmoja shingoni, wa tatu chini ili kisibembee. Hakigusi fremu kwa chuma hata kidogo, kinapokea chupa ya umbo lolote, na ukifika unakifungua unaondoka nacho. Kwenye breki za vyuma, mkanda uzunguke usukani peke yake na usikumbatie kishikio cha breki kilicho chini yake. Goti likikigusa unapopanda, kihamishie upande wa pili au kipandishe.

Chupa nyuma ya kiti sitaizungumzia sana. Kuna vishikio vya kufunga kwenye reli za kiti, na chupa zinaruka kutoka humo kwenye matuta huku wewe huna habari. Begi dogo la kiti ni jingine kabisa. Viti vingi vya ngozi vya zamani vina vitanzi viwili vya chuma nyuma kwa ajili hiyo hiyo, na begi linalofungwa hapo linafaa kwa maji ya akiba, yale ya kujazia chupa ukisimama. Mfuko wa maji wa kubeba mgongoni wenye mrija nao ulizaliwa na shida hii ya mkono: mwishoni mwa miaka ya 1980 Michael Eidson, katika mbio za joto kali za Texas, alitia maji kwenye mfuko wa dripu, akauingiza kwenye soksi na kuubeba mgongoni, na kutoka hapo ikaja kampuni ya CamelBak. Mrija uko mdomoni, hakuna unachofikia wala kushika. Ni jibu safi kwa fremu isiyo na matundu, ila ukiwa umeinama juu ya usukani wa mbio, kilo mbili za maji zinahamia kwenye mikono na makalio, na mgongo haupumui. Kwa safari fupi yenye njia mbaya nautumia. Kwa siku nzima, hapana.

Mara kwa mara mtu ananiambia: toboa tu, fundi anaweka nati za kubana, nusu saa umemaliza. Kwa fremu yenye rangi yake ya awali jibu langu ni hapana, na sihitaji kusikiliza hoja. Tundu lililotobolewa katikati ya chuma cha milimita 0.6 bila kuimarishwa ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na maji yanaingia ndani ya bomba. Kuchomea vishikilio kwa shaba ya manjano kunahitaji joto la kukaribia nyuzi 900 za Selsiasi; fedha ya kulehemia inayeyuka chini zaidi ya hapo na ndiyo fundi mzuri wa fremu hutumia kwa kazi hii, lakini hata hiyo inaunguza rangi inayozunguka. Ila kama rangi imeshakwisha, fremu inakwenda kusuguliwa na kupakwa upya, basi mwambie aweke matundu kabla ya rangi. Nitafanya hivyo nikipata fremu ya namna hiyo, na klempu zangu zote nitampa mwingine.

Siku ya safari ndefu kwenye ile ya mashindano, mpangilio wangu ni huu. Usukanini nusu lita, bomba la chini mililita 750, na kwenye begi la kiti akiba. Naanza kunywa ya usukanini ili mbele pawe pepesi mapema. Ikiisha nasubiri mahali ambapo ningesimama hata hivyo, namimina kutoka ile ya chini kwenda ile ya juu, ya chini naijaza kutoka kwenye akiba. Ikiwa mbele kuna mteremko mrefu wa kona nyingi, ya usukanini naiacha nusu hadi nifike chini, halafu naijaza.